Bi Harusi wa Bara na Ghuba ya Menai

Hivi karibuni tulimshonea gauni la nikahi binti wa hapa Makumira, anayeolewa Fumba, kusini-magharibi mwa Unguja. Alipokuja kulijaribu, machozi yakamtoka. Kuna mtu upande wa mume amesema, "Huyo wa bara, pwani ataijulia wapi?" Tukaweka sindano chini, tukamsimulia habari za huko aendako. Leo tunawasimulia na ninyi, hasa mabibi harusi.

Fumba iko kwenye Ghuba ya Menai. Wengi wetu tunaijua kwa picha za fungate: mafungu ya mchanga mweupe yanayojitokeza maji yakipwa, na pomboo wa Kizimkazi. Lakini kabla ya hoteli palikuwa na miji. Unguja Ukuu ilikuwa bandari zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta hapo vigae vya vyombo vilivyotoka Uajemi na China. Kizimkazi Dimbani kuna msikiti ambao maandishi ya Kikufi kwenye kibla chake yanataja mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Ulijengwa upya karne ya 18, na mpaka leo watu wanasali humo. Pwani hiyo imezoea wageni tangu zamani, wengine wakifika kwa jahazi, wengine wakitoka bara.

Mmoja wa watoto wa wageni hao alizaliwa hapohapo Fumba, mnamo 1880. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi, mama yake Uzigua. Walimwita Mtumwa. Alijifunza ufinyanzi kwa mama yake, akawa anabeba vyungu kwenda kuviuza huku akinadi kwa sauti nzuri. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba. Wapo waliomcheka kwa asili yake na umaskini wake. Mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili, na sauti yake ikavuma Afrika Mashariki nzima. Watu wakamwita Siti, yaani bibi mwenye heshima. Ndiye Siti binti Saad.

Tukamwambia binti yetu: mwanamke aliyeipa Fumba jina kubwa kuliko wote, asili yake ni bara kama wewe. Aliyemtukuza ni Mola wake, na kazi ya mikono na sauti yake. Basi nenda na adabu yako, salimia wakubwa, jifunze kwa mama mkwe namna anavyopika na anavyosema. Usiwe na kiburi, wala usiinamishe kichwa kwa aibu. Mbora wetu mbele ya Allah ni mwenye taqwa, awe wa bara au wa kisiwani.

Alifuta machozi, akalivaa gauni tena. Tulipunguza kiuno kidogo, likamkaa.

Allah awabariki maharusi wote, awatie mapenzi na huruma baina yao. Amin.