Milima ya Irangi si Makumbusho

Anayeijua Dodoma kwa mibuyu na zabibu zake hushangaa akifika Kondoa. Hapo milima ya Irangi inaupandisha uwanda wa kati hadi ukingoni mwa Bonde la Ufa, na kwenye miteremko ya mashariki majabali yameinamia mbele mithili ya mapaa, yakakinga kuta zake na mvua. Kutani humo wawindaji wa kale walichora kwa rangi nyekundu twiga, pofu na watu wembamba warefu. Serikali ya kikoloni ililiweka eneo hilo chini ya ulinzi mwaka 1937, mwanaakiolojia Mary Leakey akanakili michoro mingi mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO ikaliingiza katika Urithi wa Dunia. Ndiyo maana milima hii huzungumziwa kama makumbusho ya watu waliokwisha kutoweka. Ukuta wenyewe unakataa. Juu ya nyekundu imepakwa nyeupe, nzito, isiyojali unadhifu, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya wakulima waliokuja baadaye. Wageni hao hawakuyakuta mahame. Walipokea mahali panapotumika wakaendelea kupatumia. Huko Mongomi wa Kolo, mojawapo ya mahali penye michoro hiyo, matambiko ya mvua na ya uponyaji yamefika hadi zama zetu.

Wahifadhi watasema pombe inayomwagwa kwenye matambiko inachafua michoro. Ni kweli, na rangi ikishaharibika hairudi. Lakini mila hizo hizo zilikuwa sehemu ya sababu za UNESCO kulipa eneo hili hadhi yake. Ukiwafukuza waombaji, utakuwa umepunguza kile kile unachokilinda.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya kuiacha milima hii iendelee kutumika linatoka kwenye udongo. Makorongo mekundu ya Kondoa yalitisha kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi na vichaka vilirudi, hilo halina ubishi, ingawa gharama yake waliibeba wafugaji. Ila walioondolewa ni ng'ombe na mbuzi. Wakulima walibaki wakilima mabondeni, na miaka kumi baadaye ng'ombe wa maziwa walianza kurudishwa, safari hii wakifungiwa bandani na kukatiwa majani kutoka kwenye miteremko ile ile.