Hisa za Shilingi Tano

Mwaka 2000 kampuni ya simu za mkononi ya Safaricom ilikuwa na wateja wasiofika 20,000. Mwaka mmoja nyuma, Shirika la Posta na Simu la Kenya lilikuwa limevunjwa, na upande wa simu ukawa Telkom Kenya, shirika la serikali ambalo Safaricom ilikuwa chini yake. Vodafone ya Uingereza ilipochukua asilimia 40, ikaja pamoja na meneja wake, Michael Joseph. Mshindani wao, KenCell, aliwawinda watu wa maofisini. Joseph aliamua kutoza simu kwa sekunde badala ya dakika, na mtu wa kipato kidogo akaona kwamba anaweza kupiga, kusema neno lake na kukata kabla pesa hazijaisha. Kufikia Machi 2008 wateja walikuwa wamepita milioni 10, na M-Pesa, huduma yake ya kutuma pesa kwa simu iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ilikuwa imeanza kupeleka pesa vijijini bila kupitia kwa kondakta wa matatu.

Kampuni ya namna hiyo, yenye faida kubwa kuliko nyingine yoyote Afrika Mashariki, mwenye nayo angeiuza kwa sababu gani? Majibu rasmi yalikuwa mengi: kukuza soko la mitaji, kuwapa wananchi sehemu ya utajiri, kuiondoa serikali kwenye biashara. Yote yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini lililoamua saa na kasi ni bajeti. Waziri wa Fedha, Amos Kimunya, alikuwa ameweka mauzo ya mali ya umma katika hesabu za mwaka wa fedha wa 2007/08, na mwaka huo ulikuwa unaisha Juni. Telkom yenyewe iliuzwa kwanza: mwishoni mwa 2007 France Telecom na washirika wake walilipa dola milioni 390 kwa asilimia 51. Kabla ya hapo hisa za Safaricom zilizokuwa mkononi mwa Telkom, asilimia 60 ya kampuni, zilihamishiwa Hazina. Mfaransa aliuziwa ng'ombe, ndama akabaki zizini kusubiri mnada wake.

Kisha uchaguzi wa Desemba 2007 ukaiwasha nchi moto. Zaidi ya watu elfu moja walikufa, na laki kadhaa wakahama makwao. Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake, Raila Odinga, walitia saini mkataba wa kugawana madaraka tarehe 28 Februari 2008. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 28 Machi, mauzo ya hisa za Safaricom yalifunguliwa, baraza la mawaziri la serikali ya mseto likiwa bado halijatangazwa. Fikiria hilo kidogo. Nchi ambayo ilikuwa haijakubaliana nani awe waziri wa nini ilikuwa tayari inauza robo ya kampuni yake bora kuliko zote.

Viongozi wa ODM, chama cha Odinga, walitaka mauzo yasimamishwe. Hoja yao kubwa ilikuwa Mobitelea, kampuni iliyosajiliwa katika kisiwa cha Guernsey, ambayo ilikuwa imepata kipande cha Safaricom kupitia fungu la Vodafone. Kamati ya Bunge ya Uwekezaji wa Umma ilikuwa imeuliza wenye kampuni hiyo ni akina nani na walitoa nini hata wakapewa mgao. Wananchi hawakupata jibu la kuwatosha. Kelele zikapungua, mauzo yakaendelea, na Mobitelea ikabaki jina la kutajwa vibarazani kila habari ya Safaricom ilipozuka.

Hisa zilizotolewa zilikuwa bilioni 10, robo ya hisa zote bilioni 40, kila moja shilingi 5. Kwa wageni bei ilikuwa shilingi 5.50. Mwombaji wa chini kabisa alitakiwa kuomba hisa 2,000, yaani shilingi 10,000.

Hapo kwenye shilingi 5 ndipo wengi walipoteleza. Bei ya hisa moja haisemi kama kampuni ni rahisi au ghali mpaka ujue zimekatwa hisa ngapi. Kwa hisa bilioni 40, shilingi 5 ilimaanisha kwamba Safaricom nzima imethaminiwa shilingi bilioni 200. Huenda ilistahili, huenda haikustahili; hilo lilihitaji hesabu, na waraka wa mauzo ulikuwa na hesabu hizo kwa mwenye subira ya kuusoma. Kwenye foleni hesabu ilikuwa fupi zaidi: shilingi 5 si kitu, itafika 10, itafika 20. Na foleni haikuwa na wazimu. Miaka miwili nyuma, Mei 2006, hisa za KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, zilizouzwa na serikali kwa shilingi 11.90 ziliingia sokoni na kupanda zaidi ya mara tatu siku ile ile. Kila mtaa ulikuwa na mtu aliyelipa karo au aliyenunua kiwanja kwa KenGen. Somo lililobaki vichwani ni kwamba serikali ikiuza, inauza chini ya bei, na anayewahi ndiye anayekula.

Basi watu wakawahi. Benki zilitangaza mikopo ya kununulia hisa. Walimu na polisi wakakopa, vyama vya akiba vikakopesha, na wenye hisa za kampuni nyingine wakaziuza ili wapate za Safaricom. Ofisi za madalali zilifurika watu waliokuja kufungua akaunti za CDS, za kuhifadhia hisa. Mwezi huo huo wa Machi dalali mmoja mkubwa, Nyaga Stockbrokers, alikuwa amewekwa chini ya usimamizi wa kisheria baada ya kushindwa kuwalipa wateja. Onyo hilo lilikuwa wazi. Halikupunguza foleni.

Mauzo yalipofungwa tarehe 23 Aprili, maombi yalikuwa zaidi ya mara nne ya hisa zilizokuwepo, na waombaji wa ndani walikuwa zaidi ya 800,000. Hazina ikapata takriban shilingi bilioni 51.75, na lengo la bajeti likatimia. Kwa mwombaji mdogo mambo yalikuwa mengine. Alipewa kama moja ya tano ya alichoomba. Aliyekopa 50,000 akapata hisa za kama 10,000, na salio likakaa benki wiki kadhaa kabla ya kurudishwa, riba ya mkopo wake ikihesabiwa kila siku. Kwa mpango wa namna hiyo hisa ingelazimika kupanda sana ndipo mkopaji arudishe hata gharama zake.

Tarehe 9 Juni hisa ziliingia Soko la Hisa la Nairobi. Siku ya kwanza zilipita shilingi 7, na waliouza siku hiyo wakafanya vizuri. Wengi hawakuuza, waliingoja 20. Kisha wengi wenye deni wakaanza kutaka kuuza kwa wakati mmoja, Septemba benki ya Lehman Brothers ikaanguka New York, na wageni wakaondoa pesa zao katika masoko madogo. Bei ikashuka chini ya 5, na mapema 2009 ilikuwa chini ya 3. Gawio nalo lilikuwa senti 10 kwa hisa mwaka huo: mwenye hisa 500 alipata shilingi 50, kabla ya kodi. Gharama ya kumwandikia barua ya kumpa habari hiyo ilikaribia gawio lenyewe, ndiyo maana kampuni ikageukia kulipa magawio kwa M-Pesa.

Nchini kukaenea usemi kwamba Safaricom iliwaibia watu. Sikubaliani nao. Kampuni ilifanya kazi yake vizuri kuliko nyingi, na aliyevumilia alilipwa: mwaka 2013 hisa iliiacha shilingi 5 kabisa, na Agosti 2021 ilipita 40. Kosa naliona kwa muuzaji. Serikali iliuza kama mdaiwa mwenye tarehe ya kulipa, si kama mwenye mali. Ililundika robo ya kampuni katika mkupuo mmoja, soko dogo likabebeshwa mzigo usiolifaa, na iliwaacha wananchi wakope benki bila kuwaambia kwa lugha rahisi kwamba wengi wangepata moja ya tano tu. Kuuza kidogo kidogo kwa miaka mitano kungewezekana. Bajeti ya Juni 2008 haikuwa na miaka mitano.

Serikali ilibaki na asilimia 35. Desemba 2025 ilitangaza mpango wa kuuza asilimia 15 nyingine kwa shilingi 34 kwa hisa, jumla ya zaidi ya shilingi bilioni 200, ikisema zinahitajika kwa miundombinu. Mnunuzi aliyetajwa ni mmoja, Vodacom, kampuni tanzu ya Vodafone, na mwananchi wa kawaida hakutengewa hisa yoyote.