Tarehe ya Zahanati ya Redfern

Hii ndiyo habari ya Aboriginal Medical Service ya Redfern, mjini Sydney, kama walivyoisimulia wakubwa. Tunaiandika kwa kuwa kila maadhimisho yake yakifika, ubishi huzuka upya: mwenye kuiasisi ni nani?

Ardhi ile ni ya Wagadigal, ukoo wa Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia. Waaborijini wa koo nyingine, Wawiradjuri wakiwamo, walihamia kutafuta kazi, na polisi wakawaandama. Mwaka 1970 ikaundwa ofisi ya kuwatetea mahakamani. Mwaka 1971 ikafuata zahanati, ndani ya chumba cha duka, madaktari wakijitolea na wagonjwa hawatozwi kitu. Australia haikuwa na nyingine iliyoendeshwa na Waaborijini wenyewe.

Katika kuianzisha, Gordon Briscoe alikuwamo, na muuguzi Dulcie Flower, na Fred Hollows, daktari wa macho ambaye baadaye alitibu Eritrea.

Ama Shirley Smith, huyo ndiye nguzo. Ni Mwiradjuri, mzaliwa wa Erambie karibu na Cowra. Kifafa kilimzuia shule, babu yake akamfundisha nyumbani, na yasemwa alijua lugha 16 za wenyeji. Ndugu yake alipofungwa alikwenda kumwona. Ndugu akatoka, yeye hakuacha kwenda, akawa anawaona wafungwa wasio na mtu. Askari wakimuuliza huyu ni nani wako, hujibu kuwa yeye ni mama yake. Ndipo akaitwa Mum Shirl. Watoto aliowalea walipita 60, na hakuwa tajiri.

Wanaompa Hollows sifa yote na watuambie: watu waliodharauliwa hospitalini, wakaona heri wafe nyumbani, nani aliwashika mkono hadi mlangoni? Dawa ilikuwapo Sydney siku zote. Kilichokosekana ni imani, na imani hiyo waliileta akina Mum Shirl.

Basi watu wa Redfern wakiisherehekea zahanati yao bila kiingilio, nyama zikachomwa, wazee wakapakuliwa kwanza na mpita njia akaitwa ale, asishangae mtu. Nyumba ya mama haina tiketi.

Naomi Mayers, mwimbaji wa zamani wa The Sapphires, aliiongoza zahanati hiyo kwa miaka mingi.

Mum Shirl alifariki mwaka 1998. Huduma za mfano ule sasa zapita 140 nchini kote, na ile ya Redfern ingali mikononi mwa Waaborijini.