Kwatzi ya waridi

Kwatzi ya waridi ni aina ya kwatzi (SiO2) yenye rangi ya waridi hafifu na ukungu kidogo. Ugumu wake ni 7 kwenye skeli ya Mohs. Hutokea katikati ya miamba ya pegmatiti, sehemu inayopoa mwisho, kwa kawaida kama mabonge makubwa yasiyo na umbo la fuwele. Huchimbwa hasa Brazil na Madagaska.

Vitabu vingi bado huandika kwamba rangi hiyo inatokana na titani au manganizi. Lakini wataalamu walipoyeyusha jiwe hilo katika asidi ya hidrofloriki, zilibaki nyuzi nyembamba mno za waridi, za madini yanayokaribiana na dumortieriti. Nyuzi hizo ndizo zinazoleta rangi na ukungu. Zikijipanga vizuri, jiwe lililosuguliwa mviringo huonyesha nyota ya miali sita. Fuwele angavu za waridi kutoka Minas Gerais ni kitu kingine: rangi yake hutokana na alumini na fosforasi, nayo hufifia juani.

Hutumika kwa shanga, vidani na vinyago vidogo. Kioo kilichotiwa rangi huuzwa pia kwa jina lake, ila mara nyingi huwa na viputo vya duara ndani, na kwatzi halisi hukikwaruza.