Winchi ya gari: Rimoti ya waya au isiyo na waya?

MAJI yakupwapo katika hori ya Tudor, Mombasa, tope zito hubaki penye mikoko, na gari linasapo humo huhitaji winchi.

Rimoti ya waya hupata umeme kutoka kwa winchi yenyewe, hivyo haihitaji betri. Kasoro yake ni kuwa waya huo, aghalabu wa mita chache tu, humweka mtumiaji karibu na kamba ya chuma ambayo ikikatika yaweza kuua.

Rimoti isiyo na waya humwezesha kusimama mbali, lakini betri yaweza kuisha kazi ikiendelea.

Mwenye uwezo atumie isiyo na waya, ile nyingine aiweke garini kama akiba. Kwa vyovyote vile, mtu asiiruke kamba iliyokazwa.