Je, vipuri vyepesi hupunguza matumizi ya mafuta katika gari kuukuu?

Katika gereji zilizo kando ya barabara kuu iendayo Nairobi, kuanzia Changamwe hadi Jomvu Kuu na Miritini, Land Rover, Land Cruiser na Pajero zilizoundwa zaidi ya miaka 20 iliyopita zingali zikitengenezwa na kurudi kazini. Kenya hairuhusu kuingizwa nchini kwa magari yaliyopita umri wa miaka minane, na gari jipya la aina hiyo ni ghali mno. Kwa hivyo, mwenye gari kuukuu hulitunza alilo nalo. Kila bei ya mafuta inapopanda, swali moja huzuka: je, kuondoa vipuri vizito vya chuma na kuweka vyepesi vya alumini au faiba kutapunguza gharama?

Jibu fupi ni kwamba matumizi ya mafuta hupungua, lakini kwa kiasi kidogo ambacho ni nadra kurudisha fedha zilizonunulia vipuri hivyo.

Uzito na mafuta

Injini hutumia mafuta kukabiliana na mambo manne: kuliondoa gari liliposimama na kulipa kasi, kushinda ukinzani wa tairi zinapobingirika, kupanda miinuko, na kupasua hewa. Matatu ya kwanza hutegemea uzito. La nne hutegemea umbo na kasi. Gari la kazi ngumu, ambalo mbele yake ni bapa na limeinuka kama sanduku, hupoteza mafuta mengi kwa upepo linapozidi kilomita 80 kwa saa. Hapo kipuri chepesi hakina msaada.

Kulingana na makadirio ya serikali ya Marekani, kila pauni 100, yaani kilo 45 hivi, zinazoongezwa ndani ya gari hupunguza umbali linaokwenda kwa kiasi hicho hicho cha mafuta kwa takriban asilimia moja. Athari hiyo huwa kubwa kwa gari dogo na ndogo kwa gari zito.

Wapo wanaotaja makadirio mengine, kwamba kupunguza uzito kwa asilimia 10 huokoa mafuta kwa asilimia sita hadi nane. Makadirio hayo ni ya kweli, lakini huhusu zaidi gari linalobuniwa upya kiwandani, ambapo wepesi huandamana na injini ndogo na gia zinazolingana nayo. Gari kuukuu hubaki na injini ile ile. Aidha, asilimia 10 ya gari la tani mbili ni kilo 200, uzito ambao haupatikani kwa kubadilisha boneti na bampa.

Hesabu ya safari

Jomvu Kuu iko karibu na hori la Tudor, ilhali Nairobi ipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kuinua kilo 50 hadi huko huhitaji nishati isiyofika megajuli moja. Lita moja ya petroli ina megajuli 32 hivi, na injini ya zamani hugeuza takriban robo yake kuwa nguvu ya kusukuma gari. Hivyo basi, mwinuko wote huo hudai sehemu moja kati ya kumi ya lita kwa kilo hizo 50. Katika msongamano, kusimama na kuondoka mara 200 hadi kasi ya kilomita 50 kwa saa hudai kiasi kama hicho.

Tuchukue mfano wa gari linalotumia lita 14 kwa kilomita 100 na kwenda kilomita 1,500 kwa mwezi. Hutumia lita 210. Likipunguzwa kilo 45, huokoa lita mbili na nukta moja. Lita moja ikiwa Sh180, hiyo ni Sh378 kwa mwezi. Iwapo vipuri viligharimu Sh60,000, fedha hizo zitarudi baada ya miaka 13 na zaidi.

Magurudumu

Husemwa kwamba kilo moja ya gurudumu ni sawa na kilo nyingi za bodi. Ni kweli kwamba kitu kinachozunguka huhitaji nguvu ya ziada kupewa kasi, lakini hata uzito ulio kwenye ukingo wa nje wa tairi hauwezi kuhesabiwa zaidi ya mara mbili. Tena faida hiyo hupatikana gari linapoongeza mwendo tu. Vilevile, si kila rimu ya aloi ni nyepesi kuliko ya chuma. Ni vyema kuzipima kwanza.

Funzo la Land Rover

Land Rover ya mwaka 1948 ilipewa bodi ya aloi ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, si kwa ajili ya kuokoa mafuta. Mwaka 1968 jeshi la Uingereza lilianza kupokea Land Rover nyepesi, ambayo sehemu zake zingeweza kung'olewa ili ibebwe na helikopta. Hata baada ya kung'olewa, ilibaki na takriban kilo 1,200, juu ya lengo la kilo 1,134. Uzito mwingi wa gari la namna hii umo katika fremu, ekseli, injini na gia, si katika mabati ya nje.

Isitoshe, alumini inapogusana na chuma mahali penye hewa ya chumvi, kama ilivyo Mombasa, huliwa upesi. Fundi asiyetenganisha metali hizo kwa mpira au rangi humwachia mwenye gari hasara nyingine.

Hatua zenye faida

Kabla ya kununua chochote, mwenye gari aondoe keria isiyotumika na mizigo iliyosahaulika. Mizigo ya juu ya paa huweza kuongeza matumizi ya mafuta kwa zaidi ya asilimia 10 katika mwendo wa barabara kuu. Kisha akague upepo wa tairi, breki zinazobana, nozeli, plagi na kichungi cha hewa. Tairi kubwa za matope nazo huongeza ukinzani. Pia hufanya mita ihesabu kilomita pungufu, hivyo hesabu ya mafuta huharibika.

Ili kujua ukweli, tangi lijazwe pomoni katika kituo kile kile, kilomita ziandikwe, na jambo hilo lirudiwe mara tatu kabla na baada ya kila badiliko.

Vitu ambavyo havifai kuondolewa kwa kisingizio cha wepesi ni tairi la akiba, jeki, mikanda ya usalama na vyuma vinavyoimarisha bodi. Badiliko lolote linalofanya maelezo ya usajili yasiwe sahihi linapaswa kuarifiwa msajili wa magari. Faida ya Sh378 kwa mwezi haitoshi kumfidia anayepata pancha usiku katikati ya Mackinnon Road na Voi bila tairi la akiba.