Wakfu, Si Mfuko wa Udhamini

Mzee wa Isevya, mjini Tabora, ana nyumba mbili za kupangisha. Anataka kodi ya moja iendelee kuwasomesha yatima hata yeye akishafariki, basi anamwendea mshauri wa fedha. Mshauri, kwa kufuata lugha ya nyaraka za serikali, anamwambia aanzishe "mfuko wa udhamini". Mzee atajiuliza ni nani anayedaiwa, au nani yuko rumande.

Ana haki ya kujiuliza. Mdhamini katika Kiswahili kinachosemwa ni anayemwekea saini mkopaji, anayemtoa mshtakiwa mahakamani, au kampuni inayogharimia ligi ya mpira. Kisha bodi za misikiti, makanisa na vyama nazo zikaitwa za wadhamini. Neno limebebeshwa mizigo kuliko mpagazi wa Kinyamwezi, na watunga istilahi bado wanaliongezea.

Wanyamwezi na wageni wao waliijua dhamana mahali pake. Wafanyabiashara wa Unyanyembe, eneo la Tabora, walichukua vitambaa na shanga pwani kwa mali kauli, yaani bidhaa za mkopo, wakalipa pembe za ndovu zilipofika. Deni lina mwisho; likilipwa, mdhamini yuko huru. Sadaka ya mzee wa Isevya haina siku ya kulipwa ikaisha.

Jina lake lipo: wakfu. Limetoka katika kitenzi cha Kiarabu waqafa, kusimama au kusimamisha. Mali iliyowekwa wakfu imesimamishwa: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, mazao yake tu ndiyo hutembea. Waarabu wa Afrika Kaskazini huita jambo hilohilo hubus, kutoka mzizi wa kufunga, ambao ndio uliotupa mahabusu. Mizizi hiyo miwili inasema kitu kimoja: mali imezuiliwa isiondoke. Mdhamini kazi yake ni kumtoa aliyezuiliwa. Yawezekanaje basi neno la kufungulia likapewa kazi ya kufunga?

Mwandishi wa makala haya aliwahi kupeleka pendekezo la kutumia wakfu badala ya udhamini mbele ya kamati moja ya lugha. Lilirudi na mstari mmoja: wakfu ni neno la dini.

Jibu hilo halikustahili kutolewa na watu wa lugha. Wakristo wanaosoma Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 hukuta vitu vilivyowekwa wakfu katika Mambo ya Walawi, na askofu huwekwa wakfu mbele ya waumini ambao hakuna hata mmoja anayeuliza neno limetoka msikiti gani. Magazeti ya Kenya huandika Wakfu wa Ford bila kumsilimisha mtu. Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na jina hilo limetenganisha wakfu na amana, mambo mawili ambayo Bara tunayachanganya.

Mfano mkubwa wa wakfu umetoka katika njia ileile ya misafara, iliyoanzia Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji. Sewa Haji Paroo alitajirika Bagamoyo kwa kuwapatia wasafiri wapagazi na bidhaa. Alitoa fedha za hospitali na shule, na alipofariki mwaka 1897 aliacha majumba na ardhi kwa sharti kwamba mapato yake yawasaidie wagonjwa na maskini. Hospitali ya Sewa Haji ya Dar es Salaam ndiyo chimbuko la Muhimbili, ambako jina lake bado limo katika wodi. Hakumdhamini mtu. Aliisimamisha mali, akaacha mapato yatembee.

Kuhusu matumizi ya wakfu leo, mshauri amweleze mteja kwamba mtaji hauguswi. Kwamba wasimamizi husajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, chini ya Sheria Sura ya 318. Kwamba Mwislamu anayetoa kwa wasia asivuke theluthi moja ya mali yake. Na kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 humruhusu mfanyabiashara kuondoa katika mapato yanayotozwa kodi michango yake kwa taasisi za hisani zinazotambuliwa, kwa kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya biashara.

Wanaotunga fomu za benki na ofisi za serikali waandike "mfuko wa wakfu", na udhamini waurudishe mahakamani na kwenye mikopo. Mzee wa Isevya ataelewa bila kufasiriwa.